Ubao Namba Kumi na Saba

Karatasi ya simu za dharura ilikuwa na mistari miwili tu, na Mpelelezi Ivelisse Arroyo aliisoma mara mbili kabla hajashuka garini. Saa saba na dakika kumi na mbili mchana: gari la wagonjwa laombwa studio, kiwanda cha zamani cha mikate, Long Island City; mwigizaji kaanguka, mguu. Saa saba na dakika kumi na nne: polisi waombwa mahali hapohapo, mpigaji ni mwanamke, asema alama ya jukwaani imesogezwa kwa makusudi.

Aliikunja akaitia kwenye daftari. Miaka ishirini na tatu ya kazi ilikuwa imemwingiza kwenye majumba ya michezo kwa wizi, kwa ngumi, na mara moja kwa mume aliyekuja na bastola kumtafuta mpiga gitaa. Kwa mguu uliovunjika hajapata kuitwa hata siku moja. Watu wa jukwaa wakivunjika huita barafu.

Mlangoni alipokewa na mwanamke mfupi wa miaka sitini na kitu, saa ya kuhesabia sekunde ikining'inia shingoni, na faili nene amelikumbatia kifuani kama mtu aliyetoka kuliokoa motoni. Huyo alikuwa Hattie Szymanski, msimamizi wa jukwaa, ambaye hakuna taa iliyowaka wala mtu aliyeingia pale bila yeye kusema "nenda".

"Wewe ndiye polisi? Futa viatu."

"Nimekuja kwenye tukio, mama, sijaja msikitini."

"Sakafu imepakwa rangi jana. Futa."

Arroyo alifuta. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na nusu, na chini yake mtu alikuwa ameandika kwa chaki: MUBASHARA SAA MOJA JIONI. Nchi nzima ilikuwa imeahidiwa Chini ya Reli ya Juu, ile tamthilia ya roki ya mwaka sitini na tisa, ichezwe na kuimbwa mbele ya kamera bila kusimama wala kurudia. Sisi tuliokulia Astoria, chini ya treni hizohizo, nyimbo zake tulizijua kabla ya kujua namba za simu za nyumbani kwetu.

Ndani, katikati ya jukwaa kubwa jeusi, kulikuwa na jukwaa jingine la juu, urefu wa kifua cha mtu. Hattie alimpandisha kwa ngazi ya pembeni, akachutama na kuonyesha kwa kalamu. Sakafuni kulikuwa na kipande cha utepe wa rangi ya waridi, kirefu kama kidole.

"Delphine Baptiste, mhusika wetu mkuu, anamaliza wimbo hapa," alisema. "Anakimbia, anasimama kwenye waridi, anageuka, anawapa mgongo, anajiachia. Chini kuna wacheza dansi wanane wamepanga mikono. Haangalii nyuma. Akiangalia, wimbo umekufa."

"Na leo?"

"Leo tulikuwa tunapasha tu, saa saba kamili tumeanza. Kajiachia, kapita pembeni ya mikono. Wawili wa mwisho wamemgusa bega, ndiyo maana ni mguu na si shingo." Alifungua faili. "Kitabu changu kinasema alama iko futi tano na inchi nne kutoka ukingo wa kushoto. Hii iko futi saba na inchi nne. Saa sita, watu wakienda kula, nilizikagua zote, ilikuwa mahali pake."

"Ulipima saa ngapi baada ya ajali?"

"Saa saba na nusu. Gari la wagonjwa lilipoondoka. Kabla ya hapo nilikuwa nimemshika kichwa mtoto wa watu."

"Kabla hujapima, kuna mtu aliyesema imesogezwa?"

"Nani angesema? Sakafu nyeusi yote hii. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilidhani amekosea yeye."

Arroyo aliandika saa hizo mbili chini ya zile mbili za kwanza, akapiga mstari. Kisha alilala kifudifudi sakafuni, koti na vyote. Futi mbili kushoto mwa utepe, rangi nyeusi ilikuwa na kijistari kinachong'aa cha gundi kavu. Alama ya kale ilikuwa imeng'olewa hapo. Na huu utepe mpya ulikuwa na kitu kimoja alichokitazama kwa muda mrefu: ncha yake moja ilikuwa imekunjwa kidogo, imerudishwa chini gundi kwa gundi, ikawa kijimkia cha kushikia.

"Samahani, Mpelelezi."

Mwanamke aliyesimama chini alivaa suti ya kijivu na raba nyeupe zisizotoa sauti. Alijitambulisha kwa utulivu: Blythe Haverkamp, makamu wa rais wa vipindi maalumu, Chaneli Nane. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo na kikombe chake cha kahawa kilikuwa kimejaa, hakijaguswa.

"Mimi ndiye niliyewaita," alisema. "Sitaki mzaha na usalama wa watu wangu. Lakini lazima ujue hali yetu. Bima inataka sakafu iwe imeachiwa na polisi kabla ya saa kumi na mbili. La sivyo hatuendi mubashara. Tutarusha kanda ya jana."

"Kanda ipi?"

"Zoezi la mwisho, mavazi kamili, watazamaji ndani. Huwa tunarekodi kwa ajili ya siku kama hii. Ni nzuri mno, watu nyumbani hawataona tofauti." Alishusha sauti. "Sipendi kumtaja mtu. Ila ukiuliza nani alikuwa peke yake jukwaani wakati wa chakula, utaambiwa Dom Scarpaci. Hattie alimwandikia onyo Alhamisi. Yeye Dom alisema mbele ya kila mtu kwamba anatamani hiki kitu kivunjike."

Hattie aligeuza uso pembeni. Hakukanusha.

*

Dom Scarpaci alikuwa nyuma ya mapazia, amekaa juu ya kreti, anakula mkate wa soseji na pilipili. Baba yake alikuwa fundi wa jukwaa, na babu yake pia, na mwili wake ulikuwa na upana wa wote watatu.

"Nimekaa hapa makusudi," alisema, "ili usihangaike kunitafuta. Kila kitu kikianguka katika mji huu, wanamtafuta mwenye nyundo."

"Ulikuwa jukwaani saa sita na nusu."

"Nilikuwa. Skrubu ilikuwa inachungulia ubao wa tisa. Nimeikaza, dakika nne, nikaenda zangu kula."

"Ulisema unatamani kivunjike."

"Kamera. Nilisema natamani ile kamera yao ya mkono mrefu ivunjike, imenigonga kichwa mara mbili. Hattie alisikia nusu akaandika nzima." Alifuta midomo. "Afande, mimi nikitaka kumwangusha mtu sihitaji utepe. Nalegeza skrubu sita, basi. Na hutajua mpaka kiama."

"Hayo ni maneno ya kumwambia polisi?"

"Ni maneno ya fundi. Unataka ya malaika, nenda kanisani."

Arroyo alichukua roli la utepe wa waridi kutoka kwenye mkanda wa zana zake. "Hili lako?"

"La kila mtu. Maroli kama hayo yako matano, yanazagaa kama paka."

"Nibandikie alama moja. Hapo sakafuni, kama unavyombandikia mcheza dansi."

Dom alimtazama akidhani anataniwa, kisha akararua kipande, akapiga goti, akakikandamiza kwa dole gumba kutoka katikati kwenda pembeni mpaka kikalala kabisa. Alikwaruza ncha zote mbili kwa kucha kuhakikisha hazinyanyuki.

"Mbona hukukunja ncha?"

"Nikunje ili?"

"Ili iwe rahisi kung'oa."

"Hapa wanacheza watu peku, afande. Ukikunja ncha, kidole cha mguu kinaingia hapo, kinang'oa utepe, au utepe unang'oa kucha. Baba yangu angenipiga kofi." Alitafuna polepole, na kuelewa kukamjia usoni. "Ile iliyosogezwa imekunjwa?"

"Wewe unadhani nani anakunja?"

"Watu wa kamera. Wao wanabandika alama mia kwa siku na kuzing'oa mia, hawana muda wa kukwangua kwa kucha. Kila kipande wanakipa mkia. Hata hawajui kama wanafanya, mikono inafanya yenyewe." Alisimama. "Njoo uone mwenyewe."

Alimzungusha jukwaa lote. Arroyo alihesabu alama hamsini na mbili, za kijani, za manjano, za bluu, za waridi. Ukiacha ile iliyosogezwa, hakuna hata moja juu ya mbao iliyokuwa na mkia. Chini kwenye saruji, zilipopita kamera, kila alama ilikuwa nao.

Kwa hiyo ilibaki timu ya kamera, watu sita. Arroyo aliwachukua mmoja mmoja, na kwa dakika arobaini alipata jibu lilelile lenye kuchosha: kuanzia saa sita hadi saa saba wote sita walikuwa ndani ya gari la matangazo, wamejibana na mwongozaji, wakipitia picha za jana. Karatasi ya mahudhurio ilikuwa na saini zao, na kamera ya usalama ya nje iliwaonyesha wakiingia na pizza nne na wakitoka na maboksi matupu. Hakuna aliyetoka hata kwenda msalani. Saa ilikuwa tisa na dakika hamsini, na alikuwa na mkunjo wa utepe usiokuwa na mwenyewe.

Alimpigia luteni wake. Wataalamu wa alama za vidole walikuwa wapi?

"Bronx, kuna maiti mbili," luteni alisema. "Watafika kwako saa mbili usiku. Funga sakafu, asiguse mtu, hata wewe usiguse. Na huo ni mguu tu, Ivelisse, usinifanyie riwaya."

*

Mzee Saul Wexelblatt alikuwa kwenye piano ya mazoezi, koti la sufu ndani ya chumba chenye joto, anabonyeza sauti moja ileile. Alikuwa na miaka sabini na tisa. Maneno na muziki wote wa Chini ya Reli ya Juu aliviandika yeye akiwa na miaka ishirini na nne, jikoni kwa mama yake, Mtaa wa Thelathini na Moja.

"Umekuja kuniuliza nilikuwa wapi," alisema bila kugeuka. "Nilikuwa hapa. Magoti yangu hayapandi jukwaani tangu enzi za marais watano waliopita."

"Nimekuja kuuliza nani anafaidi mkirusha kanda."

Kidole kilisimama juu ya piano.

"Ah. Basi wewe unafikiri, binti. Kaa." Alimsogezea kiti kwa mguu. "Mchezo wangu unaanza na majina. Hakuna ngoma, hakuna gitaa. Kundi linaingia gizani na kuimba majina kumi na manne, wavulana wa mitaa yetu waliopelekwa vitani Vietnam wakarudi kwenye masanduku. La kwanza ni Morton Wexelblatt. Kaka yangu. Alikuwa na miaka kumi na tisa na alikuwa na sauti mbaya kuliko zote Queens."

"Mimi nimeuona mchezo huu shuleni. Hayakuwepo."

"Kwenye majumba ya michezo yapo. Kwenye televisheni hayajawahi kupita, na kanda ya mwaka sabini na mbili ndiyo mnayopigiwa mashuleni. Mwaka huo waliyakata, wakasema yanahuzunisha watu wakati wa chakula. Safari hii pia wameyakata. Kuna mdhamini anayetengeneza vitu vya jeshi, hataki. Jana kwenye zoezi tukaruka majina, tukaanza na gitaa, watoto wazuri watiifu." Alitabasamu, na meno yake ya bandia yalikuwa meupe kupita kiasi. "Leo tungeyaimba. Mubashara. Delphine alilianzisha mwenyewe, wote thelathini wakaapa. Unakata vipi kitu ambacho kimeshatoka mdomoni?"

"Bi Haverkamp anajua?"

"Ijumaa aliniletea keki ya jibini akaniomba nisifanye upumbavu. Nikala keki." Alinyanyua bega. "Hakuweza kutufuta waziwazi. Angesema 'hakuna mubashara' bila sababu, kila gazeti lingeuliza kwa nini. Lakini mguu uliovunjika ni sababu. Nani atabishana na mguu?"

Arroyo alifunga daftari.

"Binti," mzee alisema, na sauti yake sasa haikuwa na mzaha. "Nina hasira ambayo ina miaka hamsini na zaidi. Mara ya tatu sitakuwepo. Huo ndio ukweli wa daktari wangu, si maringo."

*

Saa kumi na dakika ishirini Arroyo alimkuta Haverkamp kando ya jukwaa, akiongea kwa simu mbili. Alimsubiri amalize, akamwonyesha karatasi aliyoiandika kwa herufi kubwa: SAKAFU IMEFUNGWA NA POLISI.

"Nisaidie, bibi. Utashika ngazi au utabandika?"

"Nipe," alisema Haverkamp, kwa haraka ya mtu ambaye maisha yake yote ameona wengine wakifanya kazi polepole. Akachukua roli, akararua vipande vinne, akavipanga kwenye mkono wake wa suti, akabandika pembe nne za karatasi. Ilimchukua sekunde kumi. Vipande vinne, na kila kimoja ncha yake ikawa imekunjwa.

"Una mikono ya kazi," Arroyo alisema.

Haverkamp alicheka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ulikuwa wa mtu wa kawaida. "Miaka sita msaidizi wa kamera. Mvua, theluji, mbwa. Hawa wa siku hizi wanadhani nimezaliwa na suti." Kisha aliona Arroyo anatazama nini. Akaitazama karatasi, akaitazama mikono yake.

"Ulipiga simu saa saba na dakika kumi na nne," Arroyo alisema. "Ukasema alama imesogezwa. Msimamizi wa jukwaa amepima saa saba na nusu. Wewe ulijua dakika kumi na sita kabla ya mtu mwenye kitabu. Na ulituita sisi, kwa sababu sakafu ikifungwa na polisi hakuna anayeweza kukulaumu wewe."

Roli la utepe liliwekwa chini kwa uangalifu mkubwa.

"Walipaswa kumdaka," Haverkamp alisema kwa sauti ndogo. "Futi mbili tu. Angeshtuka, angejikwaruza, sisi tungesema si salama." Kisha akajikusanya, mabega yakapanda. "Hayo sijasema. Namsubiri wakili wangu, yuko Connecticut, Jumapili magari ni mengi. Na mpaka wataalamu wako waje, sakafu yako itabaki imefungwa. Huo ni utaratibu wenu, Mpelelezi, si wangu. Ukiifungua, wanakanyaga watu thelathini juu ya ushahidi na wakili wangu atakununulia maua. Usipoifungua, saa kumi na mbili inafika. Mimi naweza kukaa kimya saa moja na nusu. Nimewahi kukaa kimya miaka."

Alikuwa amefikiria vizuri, lazima tumpe haki yake. Ndani ya mkunjo ule wa utepe, gundi kwa gundi, kulikuwa na alama ya dole gumba lake, imehifadhiwa kama tunda kwenye chupa. Lakini dole gumba bila mahali halithibitishi kitu. Ilibidi utepe, doa la gundi ya zamani na futi mbili kati yake vikae pamoja, jinsi vilivyo, mpaka mtaalamu avione.

Arroyo alimkabidhi Haverkamp kwa askari wa sare, amketishe ofisini kwake. Kisha alisimama chini ya jukwaa la juu, mikono kiunoni, kwa muda ambao Hattie, aliyeutazama kwenye saa yake, baadaye aliuandika kuwa dakika mbili na sekunde arobaini.

"Dom," aliita. "Hii sakafu ni kitu kimoja?"

"Kitu kimoja vipi?"

"Ni mbao mojamoja?"

Dom alikuja akichechemea, akaanza kutabasamu kabla hajafika. "Mbao arobaini. Futi nne kwa nane, skrubu thelathini na mbili kila mmoja. Alama yako mpya na alama yako ya zamani zote ziko kwenye ubao mmoja. Namba kumi na saba."

"Una wa akiba?"

"Afande, unanitukana."

Arroyo alimpigia luteni, kwa sababu yeye si mtu wa kufanya mambo nyuma ya mgongo wa mtu.

"Nilisema usiguse kitu," luteni alisema.

"Sigusi. Nabeba."

"Unabeba nini?"

"Sakafu," alisema, akakata simu.

Alipiga picha arobaini na moja, na futikamba imelazwa ubavuni. Alifunika utepe kwa boksi la pizza lililopinduliwa ili usiguswe na vumbi, akalifunga kwa kamba, akasaini kwenye kamba. Dom alifungua skrubu zote thelathini na mbili kwa mkono, bila mashine, ili isitetemeke. Hattie alishika taa. Hawa wawili hawakuwa wamesemeshana tangu Alhamisi.

"Nipe bisibisi ndogo," Dom alisema.

"Ile nyekundu?"

"Ile nyekundu."

"Ulisema kamera?" Hattie aliuliza baada ya muda. "Si mchezo?"

"Kamera."

"Nitafuta lile onyo."

"Liache. Nitaliwekea fremu."

Wanne waliubeba ubao mpaka kwenye gari kubwa la polisi, ukiwa umelala kama mgonjwa, na askari mwingine wa sare akakaa nao nyuma akiwa ameukodolea macho. Uwazi mweusi ulibaki jukwaani mpaka Dom alipouziba kwa ubao mpya, ambao rangi yake ilikuwa bado inanata.

Hapo ndipo mlango mkubwa ulipofunguliwa na Delphine Baptiste akaingia kwenye kiti cha magurudumu, akisukumwa na wacheza dansi waliomfuata hospitali. Msichana wa Flatbush, miaka ishirini na sita, uso umevimba kwa kulia na kidevu kimenyanyuka. Mguu wake wa kulia ulikuwa umefungwa hogo jeupe la plasta mpaka gotini, na juu ya hogo alikuwa amelaza sweta.

"Nimesikia kuna mtu anasema siimbi," alisema.

"Daktari amesema nini?" Hattie aliuliza.

"Nisikanyage. Sitakanyaga."

"Na kuanguka?"

"Mama Hattie, kuanguka hakuhitaji mguu. Kunahitaji mikono ya hawa." Aligeuka akawatazama wale wanane nyuma yake, na wawili wa mwisho, waliomkosa mchana, walikuwa hawawezi kumtazama. "Ya hawahawa. Wataninyanyua, wataniweka kwenye waridi, nitajiachia. Anayetetemeka aseme sasa."

Wale wanane walinyoosha mikono, wakaipanga.

Mzee Saul alikuwa amekuja mpaka mlangoni, mkono umeshika ukuta. Delphine alimwona.

"Babu, mbona umeganda? Si ulisema tangu mwaka sitini na tisa hujapata kundi lenye adabu mbaya ya kutosha?"

"Bado sijalipata," alisema mzee, akapenga kamasi.

Hattie alipima futi tano na inchi nne, akapima tena, akabandika utepe wa waridi na kuukwaruza ncha zote mbili kwa kucha. Saa kumi na moja na dakika hamsini na moja Arroyo alisaini hati ya kuachia sakafu juu ya mgongo wa Dom, na Hattie akaipiga picha na kuituma kwa bima, akasimama akiitazama simu mpaka ilipojibu.

*

Ofisi ya Haverkamp ilikuwa na kochi, mmea wa plastiki na televisheni ukutani. Wakili alikuwa bado barabarani. Saa moja kasoro dakika mbili, Arroyo alikaa kwenye kona ya meza. Simu zote mbili zilikuwa kwenye mfuko wa ushahidi.

"Umeshinda ubao," Haverkamp alisema. "Hukushinda kipindi. Kanda iko tayari kwenye gari la matangazo. Mwongozaji ana amri yangu: wakitoka nje ya maandishi hata kwa sekunde tano, abadilishe. Nimemfundisha mimi, kwa miaka tisa. Hajawahi kuniasi."

"Nani aliyekuasi leo asubuhi?"

"Hakuna."

"Na sasa hivi?"

Wote wawili walitazama kioo. Matangazo ya sabuni yalipita, ya magari yakapita, kisha ikaja nembo ya Chaneli Nane, kisha giza. Kwenye kanda ya jana, Arroyo alikuwa ameambiwa, baada ya giza linafuata gitaa, na Delphine anaingia anakimbia.

Gitaa halikuja. Giza lilikaa mpaka likaanza kuuma. Kisha taa moja ikawaka, ndogo, chini kabisa, na kilichoonekana kikajaza kioo chote: hogo jeupe. Sweta lilikuwa limeondolewa. Kila Mmarekani amewahi kusaini hogo la rafiki yake, kwa mzaha na vichoro, lakini juu ya hili hakukuwa na jina la rafiki hata mmoja. Yalikuwepo majina kumi na manne kwa wino mweusi, kutoka kwenye goti mpaka vidoleni, kila moja na mtaa wake na miaka yake. Kamera ilikuwa inasogea taratibu ili yasomeke.

"Amesogea karibu," Haverkamp alinong'ona. "Namwambia kila siku, usisogee karibu."

Sekunde tano zilipita. Zikapita kumi. Picha haikubadilika.

Sauti iliyoanza haikuwa ya Delphine. Ilikuwa ya mzee, kavu, inakwaruza, haina pumzi ya kutosha, na iliimba Morton Wexelblatt, Mtaa wa Thelathini na Moja, miaka kumi na tisa. Nyuma yake kundi zima likalirudia jina hilo mpaka spika ndogo ya televisheni ikatetemeka.

Haverkamp alinyoosha mkono kuchukua rimoti iliyokuwa mezani.

"Iache," Arroyo alisema. "Bado kumi na tatu."